Chombo cha maua cha Shigaraki kikitoa jasho

Vyombo vya maua vya Shigaraki, Iga na Bizen, nchini Japani, kwa kawaida huingia tanurini vikiwa udongo mtupu, bila kupakwa chochote. Ule mng'aro wa kijani unaochuruzika begani ni majivu ya kuni za msonobari: moto uliyapeperusha, yakatua juu ya udongo, joto lilipopita nyuzi 1,200 yakayeyuka kuwa kioo. Upande ulioelekea moto hushiba majivu, wa nyuma hubaki mkavu. Kwa hiyo chombo kina uso na kisogo. Kisogo kikikupendeza zaidi, kigeuze tu.

Shida iko ndani, ambako maji hupenya udongo na kutokeza nje kama jasho. Majivu hayapenyi vizuri kwenye shingo nyembamba, na udongo wa Shigaraki umejaa chembe za feldspa, aina ya madini ya mwamba, zinazoyaachia maji njia. Bizen ni afadhali: udongo wake laini, unaochimbwa chini ya mashamba ya mpunga, huchomwa siku 10 hadi 14 na hukazana sana.

Kabla ya maua, jaza maji robo tatu, weka juu ya gazeti kavu, subiri saa 24. Unyevunyevu kitakoni ni jasho, jambo la kawaida. Maji yakitiririka kwa mstari, huo ni ufa. Tia ndani kopo au kipande cha mwanzi cha kushika maji, basi.

Jasho hutibiwa kwa maji ya kwanza ya kuoshea mchele, yale mazito meupe. Jaza, acha siku moja, mwaga, suuza, kausha siku mbili tatu penye upepo, kisha rudia. Wanga huziba vitundu. Wengi huharibu hapo kwenye kukausha: wakiharakisha, ndani huota ukungu na chombo hunuka.

Kitako kinachokwaruza meza kisugue kwa msasa uliolowa; vumbi lake kavu si la kuvuta puani.

Siku ya kupanga maua, kiloweshe chombo kizima dakika kumi na tano, ukifute kidogo. Udongo hukolea rangi, na doa la tone halionekani tena. Mdomo ukiwa mwembamba, kibao cha misumari, yaani kenzani, hakipiti. Kata shina mshazari, liegemee ukuta wa ndani. Likizunguka, pasua ncha yake na upachike kijiti cha kukingama.