Tunaajiriwa kwa Ajili ya Sekunde 90

Vijana wanaoniuliza namna ya kuingia katika kazi ya uhudumu wa ndege huanza karibu wote na sare: urefu unaotakiwa, nywele, viatu, michoro ya mwilini. Nawajibu, ila kwanza huwaeleza habari ya sekunde 90, kwa kuwa asiyeifahamu hujiandaa kwa kazi nyingine kabisa, kisha hushangaa anapokataliwa.

Kabla aina mpya ya ndege yenye viti zaidi ya 44 haijaidhinishwa kubeba abiria, mtengenezaji sharti athibitishe kwamba watu wote waliomo wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, katika giza, huku nusu ya milango ikiwa haitumiki. Idadi ya wahudumu nayo hupangwa kwa mtazamo huohuo wa usalama: katika nchi nyingi sheria hudai angalau mhudumu mmoja kwa kila viti 50. Hakuna sheria inayotuhesabu kwa idadi ya vikombe vya chai.

Mfano ninaoupenda kuutaja ni wa tarehe 2 Januari 2024, katika uwanja wa Haneda, Tokyo, pale ndege ya Japan Airlines aina ya Airbus A350 ilipogongana na ndege ya walinzi wa pwani wakati wa kutua na kushika moto. Watu watano kati ya sita waliokuwa katika ile ndege ndogo walifariki, lakini wote 379 waliokuwa ndani ya A350 walitoka hai. Mfumo wa kutangazia uliharibika, hivyo wahudumu walitumia vipaza sauti vya mkononi na koo zao wenyewe. Na kati ya milango minane, ni mitatu tu iliyofaa kutumika. Kufungua mlango ni jambo la nguvu na mazoezi. Kuchungulia nje kwanza, ukaona moto, ukauacha mlango umefungwa huku watu wanakusukuma mgongoni, hilo ndilo ninaloliona gumu zaidi.

Ndiyo sababu kila ndege inapoondoka na kila inapotua, ukimtazama mhudumu aliyekaa kwenye kiti chake cha kukunja karibu na mlango, utamwona ametulia, mgongo umenyooka, huenda amekalia viganja vyake. Abiria wengi hudhani anapumzika. Kwa kweli anapitia moyoni maswali yaleyale aliyoyapitia katika safari iliyopita: mlango huu hufunguka kwa kuinua mpini wake upande gani, ikiwa hautafunguka nitawaelekeza wapi, ni abiria gani wa karibu mwenye nguvu za kunisaidia, ni yupi atakayehitaji kubebwa, na nitapaza sauti kwa maneno gani. Zoezi hilo halichukui hata dakika moja, na baada ya muda huwa sehemu ya mwili, kiasi kwamba hata nikisafiri kama abiria wa kawaida hujikuta nahesabu safu za viti kati yangu na mlango.

Ukilielewa hilo, usaili haukutishi tena kwa namna ileile. Kipimo cha kunyoosha mkono hadi alama fulani ukutani, ambacho wengi hukidhani kuwa ni cha urembo, kipo kwa sababu vifaa vya dharura huwekwa juu ya viti na lazima uvifikie. Kazi ya vikundi, ambapo watahiniwa hupewa mkasa wa kubuni na kutakiwa kukubaliana, haitafuti mwenye jibu zuri kuliko wote. Watathmini huangalia nani anamkatiza mwenzake, nani anamvuta aliyenyamaza aingie katika mazungumzo, na nani anakubali kushindwa hoja bila kununa. Nimewaona wenye sura na lugha ya kuvutia wakirudishwa nyumbani katika hatua hiyo, na kwa maoni yangu ilikuwa haki.

Kuhusu malipo, someni mkataba kwa makini. Kampuni nyingi hulipa mshahara wa msingi pamoja na saa za safari, na mara nyingi saa hizo huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho, si pale unapowapokea abiria mlangoni na kupambana na mizigo yao. Delta Air Lines ya Marekani ilianza mwaka 2022 kulipa muda wa abiria kupanda, kwa nusu ya kiwango cha kawaida, na jambo hilo likawa habari kubwa katika sekta. Ulizeni pia kuhusu zamu za kusubiri kuitwa, kwani mfanyakazi mpya huzipata kwa wingi. Uchovu wa kubadilisha saa na ule ukavu wa hewa ya ndani ya ndege ni mambo ambayo mwili hujifunza kuyavumilia, ingawa wengine hawayazoei kamwe.

Kampuni nyingi kubwa huwafundisha waajiriwa wao zenyewe kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kabla ya kulipia chuo, uliza kama kampuni unayoilenga inakitambua cheti chake. Anayekudai pesa ili akupatie usaili ni tapeli, hata akiwa na nembo ya kampuni kwenye barua. Nenda katika tovuti ya kampuni yenyewe, tafuta tangazo hilo. Usipoliona, achana naye.

Na ikiwa mlango wa uhudumu haufunguki, wapo watu wengi wanaoirusha ndege bila kusafiri nayo: mafundi wanaotia sahihi kwamba inafaa kuruka, waongoza ndege, wapangaji wa safari wanaochagua njia na kukadiria mafuta, na wale wanaogawanya mizigo ili uzito ukae sawa. Mwenzangu mmoja alikataliwa uhudumu, akaanzia kwenye dawati la kukagua tiketi, na sasa ndiye anayetukabidhi hati ya uzito kabla mlango haujafungwa. Bila sahihi yake na ya rubani, hatuondoki.