Safari ya saa nne tuliyoifanya siku mbili, na hita iliyotufikisha Wundanyi

Mombasa hadi Wundanyi, kule juu kwenye milima ya Taita, ni kama kilomita 200. Mtu akipanda basi asubuhi pale Mwembe Tayari, mchana anakula kwa wakwe. Sisi tulitoka Kisauni Jumamosi tukafika Jumapili alasiri, na gari ni letu wenyewe. Kabla hujacheka, ngoja nikueleze.

Chanzo ni mkoromo wangu. Mke wangu ni Mtaita, na kila likizo ya Agosti wajukuu kutoka pande zote hurundikana kwa babu na bibi yao. Nyumba ina vyumba vitatu. Mwaka juzi mie nililazwa kwenye kochi la sebuleni. Asubuhi nikamwamkia baba mkwe, "Shikamoo baba." Akaitikia, "Marahaba mwanangu. Usiku ulilisikia lile lori lililokuwa likipanda mlima?" Hakukuwa na lori. Watoto walicheka mpaka uji ukawapalia.

Hapo ndipo nilipoamua kwamba safari ijayo nitakwenda na nyumba yangu. Nikanunua matatu ya viti 14 iliyochoka, nikatoa viti vya nyuma, seremala akatia vitanda viwili vya mbao, kimoja chini na kimoja juu, na kabati la vyombo. Gari lilinila laki nne na kitu. Seremala alichukua kama 30,000, au 35,000 pamoja na magodoro. Hesabu kamili anayo mama watoto, na sitaki kumuuliza.

Pale barazani kila mtu akawa bingwa. Mmoja akaniambia nipande treni nishukie Voi, niache ujinga. Mwingine akanitisha na simba wa Tsavo, kama kwamba simba wamekaa kando ya lami wakiningoja mie. Hao niliwasamehe. Ambaye sijamsamehe ni fundi. Alilala chini ya gari asubuhi nzima, akatoka na kidude cha shaba mkononi. "Hii ni thamostati," akasema. "Wazungu waliiweka kwa ajili ya baridi yao. Pwani hii na joto lake, ya nini? Nimekutolea, injini ipumue." Akakirusha kwenye debe lake la vyuma vikuukuu. Nami nikamshukuru. Nikamlipa na ya chai.

Kosa jingine lilikuwa langu mwenyewe. Matatu zote huwa na ule mstari wa manjano ubavuni, uliokuja na sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, mwaka 2004. Makaratasi nilishayabadilisha gari likawa la kibinafsi, na mstari nikaupaka rangi nyeupe, lakini mkono mmoja tu, kwa ubahili. Jua lilipowaka, ukaonekana kwa chini kama fulana ndani ya kanzu nyepesi.

Basi tulipopita Miritini, watu wakaanza kutupungia mkono. Nikadhani wanashangaa uzuri wa gari. Watoto nao wakawapungia. Pale Mariakani nikasimama kununua mahindi ya kuchoma, na mlango wa kuvuta nikauacha wazi. Niliporudi, nilimkuta bibi mmoja wa makamo ya mama yangu ameketi kwenye kitanda cha chini, kuku kampakata, mfuko wa unga miguuni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Samburu shingapi?"

Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akatazama dirishani. Nikaanza kumweleza bibi kwamba hili si gari la abiria, ni nyumba. Akageuza macho polepole, akaangalia pazia, jiko la gesi, sufuria zilizoning'inia. "Naona," akasema. "Mwaka huu mmeyatengeneza vizuri." Mie si mtu wa kumshusha mama mtu mzima na kuku wake juani. Tukaondoka naye.

Hatujafika mbali, polisi wakatusimamisha. Nikahisi tumbo limejaa maji ya barafu, maana gari la kibinafsi kubeba abiria wa kulipa ni kesi. Askari akachungulia ndani, akaona watoto watatu, bibi, kuku. "Huyu mama ni nani?" Kabla sijafungua mdomo bibi akajibu kwa ukali, "Hawa ni wajukuu zangu, unataka nini?" Askari hakuridhika. Akamgeukia kitinda mimba wangu, ana miaka minne. "Bibi yako anaitwa nani?" Mtoto akamwangalia kama vile amemuuliza swali la kipumbavu. "Bibi." Askari akacheka, akatupisha.

Samburu bibi akashuka, akanipa noti ya 100 na kusimama mlangoni akingoja chenji. Nikamrudishia 50. Hizo ndizo pesa pekee ambazo gari lile limewahi kuniingizia. Ukinunua matatu kuukuu, paka rangi mikono mitatu. Na ule mtambo wa kudhibiti mwendo uuache ulivyo, usiusumbue: unakufungia kilomita 80 kwa saa, na vitanda vya mbao havitaki zaidi ya hapo.

Mackinnon Road tulisimama kuswali adhuhuri, kwenye ule msikiti ulio kando ya reli ya zamani, wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah. Niliwasimulia watoto yale yanayosemwa juu yake, kwamba wakati wa kujenga reli karai lake la udongo lilikuwa likielea juu ya kichwa bila kumgusa. Mkubwa wangu akauliza kama angeweza kubeba na gari letu. Alikuwa na sababu ya kuuliza, maana toka Taru mshale wa joto la injini ulikuwa umeshaanza kupanda, na nilikuwa nasimama kila mara kuupumzisha. Ndiyo maana tulifika Voi jua limezama.

Milima ya Taita sikutaka kuipanda usiku. Tukalala uani kwa kituo cha mafuta, katikati ya malori, mlinzi tukampa kitu kidogo. Kitanda cha juu kiliporomoka saa saba za usiku. Sitaki kulieleza sana hilo. Minyororo ilikuwa mizuri, misumari ndiyo iliyokuwa mifupi, na aliyekuwa chini ni mie.

Baada ya hapo usingizi ulikwisha, nikatoka kunywa chai na madereva wa malori. Mmoja, mzee wa Kikamba mwenye kofia ya sufi, akanisikiliza habari za mshale. Akaniuliza, "Hita yako inafanya kazi?" Nikamwambia, mzee wangu, mimi ni mtu wa Mombasa, hita naijua kwa kusikia. Akasema, "Kesho mlimani mshale ukikaribia nyekundu, zima kiyoyozi, washa hita mpaka mwisho." Nikajua ananichezea. Madereva wana mzaha wao na watu wa pwani.

Asubuhi tulipita mitumba ya Voi kununulia watoto majaketi. Hilo sikuambiwa na mtu yeyote pale barazani: Agosti Wundanyi ni ukungu na baridi ya kuingia mifupani, na mtoto wa Kisauni hajui sweta ni nini. Majaketi matatu, kama 600 hivi.

Voi mpaka Mwatate ni tambarare, mikonge kushoto na kulia, gari likaimba. Baada ya Mwatate barabara inainuka na kuanza kujikunja, kona juu ya kona, ukitazama chini unaiona ile uliyotoka kuipita. Kona ya nne au ya tano mshale ukagusa nyekundu. Nikasimama, watoto wakaweka mawe nyuma ya magurudumu. Kwenye magari haya injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hivyo kuifungua ni lazima kwanza umwinue mke wako. Akainuka, hakusema neno, na kwa anayemjua hilo ndilo baya.

Kijana wa bodaboda akasimama kutusaidia. "Fungua kifuniko cha rejeta, mwagia maji baridi." Hapo angalau nilikuwa na akili: kifuniko kikifunguliwa injini ikiwa moto hivyo, maji yanaruka yanakubabua uso, na maji baridi ya ghafla yanaweza kuipasua injini kichwa. Nikamwambia ahsante, tutangoja. Tukangoja kama dakika 40. Nikawasha, tukapita kona mbili, mshale huo juu tena. Tukangoja tena. Kwa hesabu ya kona mbili kila dakika 40, tungefika Wundanyi shule zikifunguliwa.

Ndipo nikamkumbuka mzee wa kofia. Nikaona potelea mbali.

Kwanza kuitafuta. Katika umri wote wa gari lile sidhani kama kuna mkono uliowahi kugusa kile kiwashio. Nikakisukuma upande wa rangi nyekundu, kikakwama, nikakipiga kwa kiatu, kikaenda. Feni nikaifungua yote. Kwanza kikatoka kishindo, kisha vumbi la miaka, maganda ya njugu, na mende mkavu aliyetua kwenye mapaja ya mama watoto. Kisha likaja joto. Si joto la Mombasa, hili lilikuwa la tanuri ya mkate.

"Mimi huku chini injini inanichemsha," akasema mke wangu, "na wewe unaniongezea makaa kwa juu?"

Nikamwambia, "Tazama mshale." Mshale ulitetemeka. Ukasimama. Halafu, kona iliyofuata, ukaanza kushuka. Wallahi nilipiga kelele kama mtu aliyefunga bao. Maana hita, kumbe, ni rejeta ndogo ya pili iliyofichwa ndani ya dashibodi: inapokea maji ya moto ya injini na kuyapoza kwa kutupulizia joto lake sisi. Tukapanda hivyo, nje ukungu umeshika miti, watu wa huko wamejifunika mablanketi, na sisi ndani vifua wazi, jasho linatiririka, watoto wametoa vichwa madirishani kama mbuzi wa kupelekwa sokoni. Yale majaketi ya 600 yalikuwa sakafuni.

Baba mkwe alitupokea uani. Akatuangalia tulivyolowa, akaangalia mbingu. "Huko chini kumenyesha?"

Yeye ndiye aliyenifungua macho kuhusu fundi, maana ujanani aliendesha malori ya mikonge. Thamostati si kizibo cha baridi tu. Kwenye injini kama hii, inapofunguka kupeleka maji kwenye rejeta yakapoe, inaziba pia njia ya mkato ambayo maji huipita yakirudi kwenye injini bila kufika kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na maji mengine yanazunguka humo humo na moto wao. Tambarare unaweza usijue. Mlimani utajua.

Nisingeandika habari za kulala kule kama si jambo moja. Taita hakuna uwanja ulio sawa. Shamba lote ni ngazi ngazi. Usiku wa kwanza sote watano tuliamkia tumebanana mlangoni kama samaki kwenye kikapu. Asubuhi baba mkwe akaja na sufuria ya maji, akaiweka sakafuni mwa gari. "Hii ndiyo pima maji yangu." Akawa anachungulia maji yameegemea wapi, ananielekeza nichimbe hapa kwa jembe, niweke jiwe pale, mpaka maji yakalingana na ukingo pande zote. Nusu saa tu. Kama una gari la kulala, usiegeshe bila sufuria ya maji.

Alipomaliza akapanda ndani ajaribu mwenyewe. Akalala kitanda cha chini, akavuta pazia. Mama mkwe alipomwita kula kimanga akajibu yuko nyumbani kwake, apelekewe. Usiku huo hakutoka, na usiku uliofuata alichukua wajukuu wawili wamfanyie kampuni. Mimi nikarudishwa kwenye kochi la sebuleni, na lori likapanda mlima kama kawaida.

Kurudi hakukuwa na hadithi. Baba mkwe alinishika bega dirishani, akaniambia giya uliyopandia ndiyo utakayoshukia, basi nikateremka na giya ya pili mpaka Mwatate, breki nazigusa tu. Waliokuwa nyuma yangu walipiga honi sana. Wapige.

Jumatatu nilikwenda kwa fundi. Nikamweleza yote, kona, hita, mende. Akanisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema gari hili tatizo lake halina thamostati. Akainama kwenye debe lake la vyuma, akachakura, akatoka na kidude cha shaba ninachokifahamu. "Bahati yako ninayo moja," akasema. "Nipe 500."

Nikampa.