Ndoo ya Bluu Niliyoambiwa Niifute

Mpiga picha mmoja mkongwe alinipa ushauri mara tatu: hama Mtwara uende Dar, nunua lenzi ndefu, na ile ndoo ya bluu kwenye picha yako ifute. Sikufuata hata mmoja. Picha hiyohiyo ndiyo iliyonipa tuzo nikiwa na miaka 23.

Siku ya kwanza Newala, kwenye korosho huku huku mkoani Mtwara, nilitokea na kamera shingoni kama afisa wa mradi. Akina mama waliokuwa wanabangua korosho wakasema, "Subiri kidogo, mwanangu," wakaingia ndani wote. Wakatoka na kanga mpya, poda usoni, wakajipanga mstari kama wanamsubiri bibi harusi. Mawe ya kubangulia yamefichwa nyuma ya nyumba! Bibi mmoja akauliza picha ni shilingi ngapi. Nilipiga tu, ningefanyaje.

Kesho yake kamera niliiacha kwenye mkoba, nikakaa chini kubangua. Nimekulia Mikindani, korosho nazila tangu utoto, nikajiona mwenyeji. Kumbe kula na kubangua ni mbali na mbali. Mafuta ya ganda yanaunguza. Wenzangu wamejipaka majivu viganjani, mimi naona aibu kuuliza. Jioni kidole cha shahada kimebabuka, na ndicho cha kubonyezea kamera! Bibi akacheka hadi akashika mbavu, akanisogezea majivu: "Nyie wa pwani mnajua samaki tu."

Tangu hapo hakuna aliyekumbuka kanga mpya. Siku ya tatu, wakati wa kukaanga, moshi ukajaa bandani, jua la saa kumi likapenya tundu la bati na kuangukia sinia. Mwanga ukaruka usoni kwa bibi. Sinia sikuligusa, nilijisogeza mimi. Lenzi fupi ya mtumba, laki tatu na ushee, nikabonyeza kwa kidole cha kati. Ndoo nayo ikaingia pembeni.

Waamuzi wa tuzo waliomba faili halisi, kama ilivyotoka kwenye kamera, waone kama kuna kilichofutwa. Hata World Press Photo, shindano la kimataifa la picha za habari, huwaomba hivyo wanaofika hatua za mwisho. Ningeifuta ndoo, ningekuwa nimejifuta mwenyewe.

Nilimpelekea bibi nakala kubwa. Kwanza akalalamika kwamba hakuvaa kanga ya maana. Kisha akaiona ndoo. "Hii hapa! Jirani anakataa kwamba aliiazima, anadai sijawahi kuwa na ndoo ya bluu." Akaikunja picha yangu ya tuzo kwapani, akaenda nayo kwa jirani.