Mbwa aliyeangusha bata ukingoni: jinsi tulivyomrekebisha

Mbwa ni German Shorthaired Pointer, aina ya mbwa wa kuwinda ndege, wa miezi 11. Ananusa vizuri, anasimama imara mbele ya ndege, anaogelea bila woga. Kasoro ni moja: akitoka tu majini humwangusha bata wa mawindo anayetuletea ili ajikung'ute, na bata aliyejeruhiwa akipata nafasi hiyo hurudi majini akapotea.

Chanzo: alifundishwa kuleta kabla ya kushika. Tena kila mtu nyumbani alikuwa na amri yake. Tukabaki na mbili, “shika” na “toa”.

Tulianza upya nchi kavu kwa kijiti chepesi kilichozungushiwa kitambaa: akishike mdomoni sekunde 3, kisha 10, hadi 30, dakika 5 asubuhi, 5 jioni. Usikivute hata kwa mchezo, maana ndivyo mbwa anavyojifunza kutafuna ndege. Alipoweza kutembea nacho, tulimmwagia maji huku amekishika. Hapo ndipo wengi huruka hatua.

Mwishowe tulimpokea tukiwa majini, maji magotini, kabla hajakanyaga ukavu, tukirudi nyuma kuelekea ukavu hatua moja kila siku. Akiangusha, tunasogea tena majini hatua 2. Bata halisi, aliyekufa na kupoa, alikuja mwisho kabisa.