Michirizi ukumbini, nyuso za majivu na kadi inayodanganya

Picha ya harusi ikitoka na kasoro, wengi hukimbilia Lightroom, programu ya kuhariri picha, na kuanza kusogeza vitelezi vya mwanga na rangi. Anza kwingine. Ikuze picha hadi asilimia 100, uitazame kasoro ina umbo gani na imekaa wapi, kisha ulinganishe na picha iliyotangulia na inayofuata. Hapo utajua kama tatizo limetoka kwenye taa, kamera, kadi au kompyuta, na mara nyingi utagundua kwamba kuhariri si dawa yake.

Tuanze na michirizi, maana ndiyo inayosumbua zaidi tangu kumbi zilipojaa taa za LED. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa Hz 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko huinua mwanga mara mbili, kwa hiyo taa nyingi zinazochomekwa ukutani hupanda na kushuka mwanga mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Ukipiga kwa kasi ya 1/100, yaani shata (pazia la kamera) ikiwa wazi kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, kila sehemu ya picha hupokea mzunguko mmoja kamili wa mwanga. Kwa 1/50 hupokea miwili. Ukipanda hadi 1/200 unakamata nusu mzunguko tu. Hapo ndipo picha moja hutoka angavu, inayofuata hafifu, na ya tatu ina umanjano upande mmoja ingawa hukubadilisha chochote.

Hali huwa mbaya zaidi ukitumia shata ya kielektroniki, ile isiyo na mlio ambayo wengi huiwasha kanisani kwa heshima ya ibada. Kamera nyingi husoma sensa, kile kipande kinachopokea mwanga, mstari kwa mstari, na kazi hiyo inaweza kuchukua 1/30 ya sekunde. Kwa muda huo taa imeshapanda na kushuka mara tatu na kidogo, nawe unapata mikanda mitatu mipana ya giza. Kwa hiyo hesabu mikanda. Ikiwa michache na mipana, chanzo ni umeme wa ukutani: rudi kwenye shata ya kawaida, shuka hadi 1/100, na washa kipengele cha kuzuia kumetameta kama kamera yako inacho. Kipengele hicho husubiri taa ifike kileleni ndipo shata ifunguke, ndiyo maana kasi ya kupiga mfululizo inaweza kupungua kidogo. Usidhani kamera imeharibika.

Mikanda ikiwa myembamba na mingi, ishirini au zaidi, hiyo ni taa ya LED iliyopunguzwa mwanga kwa kuwashwa na kuzimwa haraka sana, kama zile za jukwaani au skrini kubwa nyuma ya maharusi. Kipengele cha kuzuia kumetameta hakisaidii hapa, kwa sababu kinatambua Hz 100 na 120 tu. Tumia shata ya kawaida kwa kasi ya chini, au mwombe fundi wa taa aziwashe kwa nguvu zote: nyingi huacha kumetameta zikifika asilimia 100. Ombi hilo huchukua dakika moja, nalo huokoa siku nzima ya kuhariri.

Fika ukumbini mapema ufanye jaribio hili: weka shata ya kielektroniki kwenye 1/1000, kisha piga ukuta mweupe chini ya kila kundi la taa. Penye michirizi ndipo pa kuepuka. Ukumbi ukiendeshwa kwa jenereta, kumbuka Hz 50 haitulii. Mzigo ukizidi hushuka kidogo, na 1/100 inaweza kuacha kivuli hafifu. Shuka hadi 1/50 kwa watu waliotulia. Kwa video, hakikisha menyu iko kwenye PAL, mfumo wa nchi za Hz 50, fremu 25 au 50 kwa sekunde. Kamera iliyoachwa kwenye NTSC, mfumo wa nchi za Hz 60, kwa fremu 30 na kasi ya 1/60 itatoa michirizi inayotambaa juu ya kila uso. Kwa anayepiga Marekani, umeme ni wa Hz 60, hivyo 1/60 na 1/125 ndizo kasi zake.

Michirizi ikishaingia, kuitoa ni kazi ya mkono: maski ya mteremko (eneo unalolichagua ili lirekebishwe peke yake, likififia taratibu ukingoni) juu ya kila mkanda, mwangaza juu, rangi nayo irekebishwe peke yake. Kwa picha moja ya kutundikwa ukutani inafaa. Kwa picha 400, hapana.

Sasa nyuso, na hapa nasema kwa uchungu: bi harusi wetu wengi wanaharibiwa ngozi na watu wanaodhani wanawapendezesha. Kipimo cha mwanga cha kamera hutaka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Shela nyeupe ikijaza fremu, kamera hupunguza mwanga na uso huzama gizani. Ongeza fidia ya mwanga (kitufe cha +/- cha kamera) kwa +1, na uwashe alama za kumweka zinazoonyesha palipoungua. Zikimweka kidogo kwenye mkunjo mmoja wa shela, RAW, yaani faili ghafi ya kamera, bado ina nafasi ya kurekebishwa. Zikimweka kifua kizima, nakshi za lesi zimepotea na hazirudi. Ukipima kwa nukta moja usoni kwa mtu mweusi sana, kinyume chake hutokea: kamera humng'arisha kupita kiasi, kwa hiyo shusha hadi -0.7 au -1.

Uso ukishatoka na giza, usikimbilie kitelezi cha Shadows (vivuli). Hicho huinua vivuli vyote pamoja, huua utofauti kati ya shavu na taya, na ngozi hugeuka ya majivu, huku chenga, vile vidoadoa vya picha ya gizani, zikijaa kwenye suti nyeusi pembeni. Weka maski usoni tu, inua Exposure (mwanga wote) kwa 0.3 hadi 0.7, kisha rudisha Blacks (sehemu nyeusi kabisa) chini kidogo ili weusi ubaki weusi, na ongeza joto la rangi, yaani umanjano, kidogo. Rangi ya chungwa ukiipandisha mwangaza, ishia kwenye +10 au +15. Zaidi ya hapo unambadilisha mtu rangi, na mama yake akiiona picha atajua.

Angalia pia dari kabla ya kuelekeza flashi juu. Ukumbi ukipambwa kwa vitambaa vya zambarau, mwanga unaorudi ni wa zambarau, na hakuna namba ya Kelvin, kipimo cha joto la rangi, itakayourekebisha kwa sababu taa za pembeni zina rangi nyingine. Geuza flashi kwenye ukuta mweupe nyuma yako, au tumia kadi nyeupe juu yake. Taa za DJ za bluu tupu ni suala jingine kabisa: mwanga huo hauna nyekundu wala kijani, kwa hiyo rangi ya ngozi haikurekodiwa hata kidogo. Igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe.

Sasa kadi ya kuhifadhia picha. Picha za mwanzo zikifunguka, za baadaye zikigoma au zikitoka nusu kijivu, shuku kadi bandia: imeandikwa GB 128 lakini ndani ina uwezo mdogo zaidi, na imedanganywa kwa programu ijitangaze kubwa. Ikishajaa kweli, inayoingia hupotea au hufuta iliyotangulia bila onyo. Kila kadi mpya ijaribu kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux. Programu hizi huijaza yote kisha huisoma. Kadi ya GB 128 inayoandika MB 20 kwa sekunde itachukua karibu saa mbili kujaa, kisha kuna muda wa kusomwa. Fanya hivyo wiki kabla ya kazi.

Ikigoma katikati ya shughuli, itoe na usipige tena hata picha moja juu yake, wala usikubali kamera inapouliza kama iformati. PhotoRec, programu ya bure ya kuokoa faili, huweza kurudisha faili nyingi, mradi uzihifadhi kwenye diski nyingine na si kadi ileile. Majina ya faili yatapotea, lakini saa na tarehe ya kupiga hubaki ndani ya faili, hivyo zipange kwa muda.

RAW za kamera mpya zisipofunguka kwenye Lightroom ya zamani, zipitishe kwenye Adobe DNG Converter, programu inayozigeuza ziwe za aina ya DNG ambayo Lightroom hiyo inaifungua, nayo ni bure.

Na wakati wa kukabidhi: picha iliyofifia rangi kwenye simu ya mteja mara nyingi imetolewa kwa Adobe RGB, mpangilio wa rangi ambao si kila simu inausoma vizuri. Toa kwa sRGB, ule wa kawaida wa simu na mtandao. WhatsApp huikamua picha, kwa hiyo itume kama hati. Ya kuchapa sentimita 20 kwa 30 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) inahitaji pikseli 2362 kwa 3543. Ikichapwa ikatoka nyeusi kuliko ulivyoiona, kioo cha kompyuta yako kinawaka mno. Chapa moja ya majaribio, iweke kando ya kioo, na ushushe mwanga wa kioo hadi vilingane, ndipo uhariri zilizobaki.