Goti la Bayley na amri ya Piscatella

Mimi na mdogo wangu tumebishana sana kuhusu lawama ya Bayley, askari kijana wa gereza aliyemuua mfungwa bila kukusudia, tangu tumalize msimu wa 4 wa tamthilia ya Orange Is the New Black. Naandika kwa sababu sijaridhika na jibu lake la kumtetea kijana huyo, na kwa sababu kifo cha mfungwa huyo, Poussey Washington, kimeniuma kuliko nilivyotarajia tamthilia iniume.

Gereza la wanawake la Litchfield limekabidhiwa kampuni binafsi, MCC. Kwa kampuni, kila kitanda ni pesa, kwa hiyo wafungwa wanajazwa. Askari wapya wanaoletwa ni wanajeshi wa zamani. Mkubwa wao, Piscatella, anamnyima usingizi mfungwa aitwaye Red ili amvunje. Askari mwingine, Humphrey, anawapambanisha wafungwa wenye matatizo ya akili kama majogoo, huku wenzake wakitazama.

Wafungwa wanapanda juu ya meza za bwaloni na kusimama tu. Hawampigi mtu. Wanachotaka ni Piscatella aondoke. Yeye anaamuru askari wawashushe kwa nguvu. Suzanne, mmoja wa wafungwa wenye matatizo ya akili, anachanganyikiwa, Poussey anakwenda kumsaidia, na Bayley anambana Poussey sakafuni huku akihangaika na Suzanne aliyemrukia. Aliye chini yake hapumui tena. Bayley hajui, hata hageuki kutazama.

Mdogo wangu anasema kijana yule hakufundishwa, hakukusudia, na alikuwa mpole kuliko wenzake wote. Nakubali yote matatu. Lakini kutokusudia kunapunguza lawama, hakuifuti. Mwenye uwezo wa kumlaza mtu chini na kumkalia anadaiwa kumwangalia mtu huyo. Hilo halihitaji mafunzo ya wiki sita.

Ninapokasirika zaidi ni kwa Caputo, mkuu wa gereza. Kabla ya mauaji, yeye mwenyewe alimshauri Bayley aache kazi ile kabla haijamharibu. Yaani alijua! Alijua mahali pale panaharibu watu, akamwonya askari mmoja, kisha akaendelea kupasimamia. Poussey akishakufa, watu wa kampuni wanatafuta picha zitakazomfanya aonekane mhalifu. Wanapokwama, wanaamua kumtupia Bayley mzigo wote. Caputo anakataa, anasimama mbele ya waandishi wa habari na kumtetea kijana. Ni ushujaa wa namna fulani, nauona. Ila jina la Poussey halitoki kinywani mwake. Taystee, rafiki wa marehemu, anasikia hotuba ile, na kilio chake ndicho kinachowasha gereza zima.

Wanaotetea askari wa aina hii hupenda kutaja jaribio la Stanford la mwaka 1971, lile ambalo wanafunzi walipewa nafasi za askari na wafungwa, likasimamishwa baada ya siku 6 badala ya wiki mbili. Fundisho tulilopewa ni kwamba sare na funguo humgeuza mtu yeyote. Baadaye rekodi za sauti zilionyesha msaidizi wa jaribio akimhimiza askari mmoja awe mkali zaidi. Yaani hata pale, nyuma ya kile kilichoitwa “hali,” palikuwa na mtu aliyekuwa akisukuma. Ndiyo maana siridhiki mtu anaponiambia “ni mfumo” halafu akanyamaza. Mfumo wa Litchfield una majina: aliyeamuru wafungwa washushwe ni Piscatella, waliopanga kujaza vitanda walikaa ofisini MCC, na Caputo alitia saini.

Kwangu Piscatella anabeba lawama kubwa kuliko Bayley, ingawa hakumgusa Poussey. Mdogo wangu anaona hapo najipinga: kama lawama ni ya aliyeamuru, basi nimwache kijana. Sioni kwa nini. Lawama haigawanywi mpaka ikaisha. Piscatella akipewa yake yote, ya Bayley inabaki palepale. Nadhani hata Bayley analijua hilo, maana katika msimu wa 5 anahangaika kujisalimisha, wala hapati mtu wa kumshtaki.