Wiki Moja ya Kungojea Sambaza Bukavu

Mtu wa Lubumbashi anayekwenda Bukavu kupumzika hupewa ushauri mmoja na kila anayeijua Kivu: ale sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu. Niliambiwa hivyo na wenzangu kazini, nikaambiwa tena Goma nilipokuwa nikingoja boti, kisha nikaambiwa na abiria aliyeketi kando yangu, ambaye alinieleza kwa kirefu kwamba samaki hao wadogo huliwa wazima, kichwa na mifupa, wakiwa wametoka tu kwenye mafuta, na kwamba anayewala kwa uma hajui analolifanya. Nilishuka Bukavu alasiri moja ya Julai 2018 nikiwa na njaa, bila mpango mwingine wowote.

Kosa langu ni kwamba sikuutazama mwezi.

Jioni ile nilikwenda kwenye mgahawa wenye baraza kubwa juu ya maji. Mji wa Bukavu umejengwa juu ya rasi zinazoingia ziwani, wenyeji husema ni vidole vitano vya mkono, na si vigumu kupata mahali pa kula huku unatazama maji. Sina ugomvi na mandhari. Ugomvi wangu ni na orodha ya vyakula, ambayo ilikuwa na kurasa nne. Mhudumu, kijana mwenye adabu sana, alisimama akinisikiliza nikitaja chakula kimoja baada ya kingine, na kila mara akajibu kwa upole "haiko", mpaka nikatambua kwamba ningemwuliza kilichopo tungemaliza mapema. Walikuwapo kuku na tilapia. Tilapia alifika baada ya saa moja na nusu, naye alikuwa mzuri, sitamnyima haki yake: amechomwa mzima, amepambwa kwa kitunguu na limau, na makemba, yaani ndizi, ya kukaanga pembeni. Lakini kufikia hapo nilikuwa natetemeka, kwa sababu Ziwa Kivu liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na upepo wake wa usiku haumhurumii mtu aliyevaa shati la mikono mifupi akidhani kwamba penye ufuo pana joto. Wakati wa kulipa, noti yangu ya dola ishirini ilikataliwa kwa ajili ya mchaniko usiozidi ukucha. Hata kwetu ingekataliwa, kwa hiyo sikubishana. Nilihesabu franka zangu mpaka ya mwisho, nikarudi nilikofikia kwa miguu.

Kesho yake mchana nilipata mahali pangu, si mbali na bandari: mabenchi mawili, meza iliyotandikwa kitambaa cha mpira chenye maua, jiko la makaa, na mama mwenye karai jeusi lililopinda ukingo. Nilimwamkia, nikaomba sambaza. Alicheka, akaonyesha juu kwa mwiko, ingawa lilikuwa jua la saa saba.

"Leo sambaza haiko, mwanangu. Mwezi iko inawaka."

Nilidhani ananitania. Kumbe wavuvi wa sambaza hufanya kazi usiku na taa: samaki huufuata mwanga, hukusanyika chini yake, kisha wavu huinuliwa. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima linakuwa na mwanga, taa haiwaiti tena, na wavuvi wengi hawatoki. Nilikuwa nimefika katika siku zile zile. Ule mgahawa wa kurasa nne ungeweza kuniambia hivyo, nadhani, lakini sikuuliza, nao hawakuona sababu ya kusema.

Basi nikala kilichokuwapo, kwa siku sita mfululizo, kwenye benchi lile lile: maharage, mboga ya lengalenga, siku moja nyama ya mbuzi ambayo haikufikia michopo ya kwetu, nyama ya kuchoma, na kila siku bugali, yaani ugali. Mimi nilisema bukari, kama tusemavyo Lubumbashi, mama akanisahihisha, nikasahau, akanisahihisha tena, na siku ya tatu wateja wengine walianza kunisalimu kwa jina hilo. Sikumbuki kula mahali pengine popote safarini nikajulikana upesi namna hiyo.

Mzee mmoja aliyekula hapo kila mchana ndiye aliyenigutusha zaidi. Alisema kwamba sambaza si mwenyeji wa Kivu hata kidogo. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa sehemu ya katikati ya Kivu haikuwa na samaki wa kula viumbe vidogo sana vinavyoelea majini. Ni kweli, na samaki mwenyewe asingeweza kuja: Mto Ruzizi hutoka Kivu ukateremka takriban mita 700 mpaka Tanganyika, na hakuna dagaa wa kuupanda mteremko ule. Maana yake ni kwamba sambaza ni ndugu wa kapenta, na si ndugu wa mbali, bali ni mmoja wa samaki wale wale wa Tanganyika ambao Lubumbashi tunawanunua wakiwa wakavu kwa kipimo cha kopo. Nilikuwa nimesafiri nchi nzima kumngojea samaki aliyeko jikoni kwetu.

Usiku wa saba mwezi ulichelewa kutoka, na kabla haujatoka niliwaona wavuvi: mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti, mingine mirefu ikichomoza mbele na nyuma, na taa zikining'inia juu ya maji. Walikuwa wakiimba, na sauti ilifika ufuoni kabla sijaweza kuwatofautisha watu.

Mchana wake mama hakungoja nimwombe. Sambaza walikuwa kwenye beseni, wa rangi ya fedha, urefu wa kidole. Aliwakung'uta maji, akawatia chumvi, akawamimina karaini kwa mkupuo mmoja. Mafuta yakapiga kelele, yakatulia, na mkono wake haukugusa mwiko mpaka kelele ilipobadilika. Walitoka wakiwa wamekakamaa, wa kahawia, wakalia kama changarawe walipoanguka kwenye sahani ya bati. Limau nusu, pilipili ya kusaga pembeni, bugali. Ndani nyama yao ilikuwa bado laini na tamu, na hapo ndipo kapenta mkavu anaposhindwa. Nililipa franka 3,000, nikaomba sahani ya pili.

Siku ya kuondoka nilinunua sambaza wakavu kilo moja kwa ajili ya mama yangu. Nilipofika Lubumbashi aliufungua mfuko, akanusa, akanitazama.

"Sasa hii si kapenta?"